Masikio ya Dada Yangu

Katika ukumbi wa kufuma pale Thika, tusi kubwa kuliko yote lilikuwa kufunika mdomo. Ungeweza kumwita mwenzako mvivu, mchawi au mwizi wa majani ya chai, na mkacheka nyote wawili. Lakini ukiweka kiganja mbele ya midomo yako wakati mtu anakutazama, ulikuwa umemwambia kwamba hana haki ya kukusikia, na angeweza kumaliza wiki nzima bila kukusemesha. Hatukuwa na njia nyingine ya kuzungumza. Mashine zilisimama safu kwa safu, na kila moja ilikuwa ikirusha kijiti cha mbao chenye ncha za chuma, kikibeba uzi kutoka upande huu hadi ule, upesi kuliko jicho lingeweza kufuata. Kelele yake haikuishia masikioni. Ilipanda kutoka sakafuni, ikapita magotini na kukaa kwenye meno. Basi tulisema kwa midomo bila sauti, kila neno tukilivuta hadi mwisho wake, na mikono ikisaidia pale midomo iliposhindwa.

Dada yangu ndiye aliyenifundisha lugha hiyo, na alinifundisha kabla sijakiona kiwanda. Alikuwa amenitangulia kwa miaka kumi na mmoja. Aliondoka kwetu Gatuanyaga akiwa msichana, akaandikwa kazi Thika, na nyumba yetu ikabadilika kana kwamba na sisi tumeandikwa. Kabla ya hapo mama alijua saa kwa kivuli cha ghala la mahindi. Dada alileta saa ya ukutani, akaipigilia msumari juu ya kitanda cha mama, na tangu siku hiyo mbuzi wakafunguliwa kwa saa, uji ukapikwa kwa saa, na mama akaanza kusema "tumechelewa" hata siku ambazo hatukuwa na pa kwenda. Akaleta redio. Akaleta vitambaa vya pazia vyenye kasoro ambavyo wafanyakazi walipewa. Kila aliporudi kwa mapumziko aliniketisha mbele yake, akasema jambo bila sauti, na nisipolipata alinifinya shavu. Mama alituona tukipepesa midomo akadhani tunamsengenya. Mara nyingi alikuwa hajakosea.

Nilipomaliza shule na dada akaniombea kazi, kitu cha kwanza nilichofundishwa ukumbini hakikuwa mashine. Kilikuwa sheria moja ambayo haikuandikwa popote: uzi wa jirani ni uzi wako. Mwenzako akienda msalani na uzi wake ukakatika, unaisimamisha mashine yake, unaufunga uzi, unaiwasha tena, na akirudi humwambii kitu. Msimamizi akiuliza, hakuna uzi uliokatika. Aliyenieleza haya alikuwa mama mmoja mpana kutoka magharibi, ambaye wote tulimwita Auntie, fundi wa miaka mingi aliyesoma midomo kutoka mwisho mmoja wa ukumbi hadi mwingine. Alisema nami akitazama uzi wake, na ilinibidi niinamie upande ili nione mdomo wake. "Hapa hakuna mtu anaachwa," alisema. Nililishika neno hilo kuliko nilivyolishika lolote la kanisani.

Tulipanga chumba Gitothua, mimi na dada, na tukawa tunakwenda Thika na kurudi. Masikio yake yalikwisha polepole, kama sabuni inavyokwisha. Hakuna siku niliyoweza kusema ni leo. Kwanza redio ikawa inapanda. Halafu jirani akaja kulalamika kuhusu redio, na dada akamjibu kwa adabu jambo ambalo hakuwa ameulizwa. Kanisani alihamia kiti cha mbele, na mhubiri mwenye ndevu nyingi alipokuja alikunja uso ibada nzima.

"Huyo si anyoe tu," aliniambia tukitoka. "Neno la Mungu lote linabaki kwa ndevu."

Nilicheka. Yeye pia alicheka, kwa sauti kubwa mno, watu wakageuka. Kiwandani haikuwa shida. Pale ndani sote tulikuwa viziwi, naye alikuwa kiziwi hodari kutuzidi. Alishika mashine kwa kiganja akajua uzi unataka kukatika. Aliijua mikokoteni ya chuma iliyobeba mabunda ya nyuzi kwa jinsi sakafu ilivyotetemeka, akasogea bila kugeuka. Nyumbani alinitazama mdomo, nami nilimwelekezea. Tulipomtembelea, mama alilalamika tu kwamba binti yake amekuwa mtu wa kumkodolea macho kama mtoto anayengoja kulishwa. Dada hakutaka mama ajue. Alisema mama atasema kiwanda kimemharibu, na atataka arudi nyumbani. Hilo la kurudi nyumbani ndilo aliloliogopa, basi. Alikuwa amelikimbia vumbi la Gatuanyaga akiwa na sanduku moja, na hakutaka lije limpate tena.

Kisha kiwanda kikaacha kufuma. Tuliitwa uwanjani tukaambiwa kwamba nguo za nje, zinazofumwa na mashine zisizohitaji watu, zinafika bandarini kwa bei rahisi kuliko uzi wetu mtupu. Mashine zetu ziliuzwa kama chuma chakavu. Nilisimama langoni nikazitazama zikipakiwa, na nilitazamia nihisi kitu. Sikuhisi. Niliona tu kwamba lori la pili lilikuwa na gurudumu bovu. Sijui kama ndipo ilipoanza, hali hii yangu ya kutazama mambo kana kwamba niko nyuma ya kioo, au kama nilizaliwa nayo na kelele ikanificha nisijijue.

Wachache kati yetu wangechukuliwa kwenye jumba jipya Ruiru, ambako nguo zilizokwisha kufumwa zingekuja katika marobota, zikaguliwe juu ya meza zenye taa, zikunjwe, zihifadhiwe. Jumba lile lilikuwa kimya. Sakafu yake ilipakwa rangi ya kijivu, laini kama sahani. Mizigo ilibebwa na foklifti ya umeme, gari dogo lenye meno mawili mbele, ambalo lilitembea bila mlio na bila kutikisa chochote. Likirudi nyuma lilitoa honi nyembamba, pii, pii, pii. Kwa sababu ya honi hiyo, walisema, kila atakayechukuliwa lazima apimwe masikio kwanza. Asiyesikia angelipwa haki yake na kwenda nyumbani.

Dada aliisoma habari hiyo kwenye ubao wa matangazo mara mbili. Jioni, akichambua sukuma, akaniuliza bila kuinua macho.

"Hiyo kipimo inakuwanga aje?"

"Ati unavaa vitu kwa maskio, halafu ukisikia mlio unafinya kitufe."

"Na nisiposikia?"

"Si usifinye."

"Mwana wa maitu," alisema, na hilo kwetu ni mtoto wa mama, neno analolisema mtu akiwa hana utani, "usinicheze. Mimi huko shamba sirudi."

Gari jeupe la vipimo lilikuja uwanjani asubuhi. Ndani mlikuwa na kijumba kidogo chenye dirisha la kioo, na anayepimwa alikaa humo akitazama nje. Mpimaji alikaa kwenye meza ndogo, ubavu kwa dirisha, kidole juu ya mashine yake. Aliyefuata kwenye foleni aliketi kwenye benchi nyuma ya mpimaji. Mtu aliyepanga viti vile alikuwa hajawahi kuwajua wafumaji. Nilihakikisha kwamba nafuata baada ya dada.

Kila kidole kilipobonyeza, taa ndogo ya kijani iliwaka, nami nikasema kwa midomo: sasa. Dada akafinya kitufe chake. Kikabonyeza tena: sasa. Mara moja nilitulia kidogo, asije akaonekana hodari kupita kiasi. Sikuwa na hofu wala sikujiona ninadanganya. Uzi wa dada yangu ulikuwa umekatika, yeye hayupo kwenye mashine, na mimi nilikuwa naufunga. Nyuma yangu, mlangoni, Auntie alikuwa amesimama akingoja zamu. Aliuona uso wa dada kwenye kioo, lakini wangu hakuuona.

Mpimaji alipomaliza aliangalia karatasi akatabasamu. "Mama, masikio yako ni ya mtoto," alisema. Dada alimsoma, akamshukuru. Mimi nilipoingia nilipata alama za chini kuliko zake. Tulilicheka hilo hadi Gitothua, na kwa wiki nzima akawa ananiita kiziwi.

Tulichukuliwa sote watatu, pamoja na wengine wachache. Dada aliwekwa kwenye meza iliyokabili yangu, na njia ya foklifti ilipita nyuma yake. Kwa hiyo nikawa masikio yake. Foklifti ikitokea, nilisema kwa midomo "gari", naye alisogea hatua moja bila kuacha kukagua nguo. Ilikuwa rahisi. Baada ya miezi michache nilikuwa nikisema bila kujua kwamba nasema. Hata nikiwa nyumbani pikipiki ikipita nje, midomo yangu ilisema gari. Msimamizi alimsifu dada kwamba hapotezi muda kwa maneno. Mimi nililalamikia kimya cha jumba lile, kwamba mtu akikohoa wote wanamgeukia, na yeye akaniambia kimya anakijua vizuri kuliko mimi na hakijamuuma.

Siku ile ilikuwa katikati ya asubuhi, baada ya chai. Simu ilitetemeka kwenye mfuko wa aproni yangu. Hatukuruhusiwa simu, lakini kila mtu alikuwa nayo, na kila mtu aliisoma akiwa ameinamisha kichwa kana kwamba anakagua pindo. Kundi la kwaya lilikuwa likibishana kuhusu sare mpya, kama iwe ya zambarau au ya kijani. Niliandika kwamba zambarau hupauka. Hilo nalijua, ni kazi yangu. Nilisikia pii, pii, pii. Nasema niliisikia, wazi kabisa, na nikamalizia neno kabla ya kuinua macho.

Dada alikuwa amepiga hatua nyuma kuokota ncha ya robota iliyoanguka.

Sitaieleza zaidi. Nguo ile ilikuwa shuka nyeupe zenye maua ya samawati. Dereva, mwanamume mzima mwenye watoto wanaokaribia kuoa, aliketi sakafuni akalia huku akisema, "Nimepiga honi, haki ya Mungu honi imelia." Ilikuwa kweli. Kila mtu ndani ya jumba aliisikia. Mimi sikulia. Nilishika mkono wa dada na nikawaza kwamba lazima mtu azime taa ya meza yake, inapata moto.

Tulimzika Gatuanyaga, nyuma ya nyumba, upande ambao vumbi la barabara haliufikii sana. Watu walikuja kwa pikipiki na kwa basi la kukodi. Karatasi ya kampuni ilikuwa imefika kabla yao, na afisa aliyeileta alikuwa mtu wa heshima, akawasomea wazee polepole. Ilisema kwamba marehemu alipimwa masikio na kuonekana anasikia vizuri kabisa. Ilisema honi ilifanya kazi. Ilisema marehemu alipuuza onyo. Jirani mmoja aliyesimama karibu na jiko akatikisa kichwa. "Sikio la kufa halisikii dawa," alisema, akaendelea kumenya viazi. Nilitaka kumpiga na mwiko. Hicho ndicho kitu pekee nilichokihisi siku ile, na kilipita kabla sijaufikia mwiko.

Mama aliniita ndani. Alikuwa ameketi kitandani, chini ya ile saa.

"Nielezee pole pole," alisema. "Alisikia gari inakuja?"

"Karatasi inasema hivyo, maitu."

"Alisikia na akasimama hapo."

Niliitazama saa juu ya kichwa chake.

"Kwani alikuwa amechoka na maisha? Kuna kitu ilikuwa inamsumbua huko Ruiru, na nyinyi mkanificha?" Alinishika mkono wa nguo. "Mtu anasikia kifo kikija nyuma yake na hasongi. Kwa nini hakusonga?"

Ningeweza kumwambia pale. Yalikuwa maneno machache tu. Kwamba hakusikia, kwamba alikuwa hasikii kwa miaka, kwamba alitaka kuishi kiasi cha kudanganya mashine, na kwamba aliyemdanganyia na aliyemsahau ni mtu mmoja. Nilifungua mdomo nikasema, "Sijui, maitu." Mama akaniachilia. Tangu siku hiyo anaamini kwamba mtoto wake mkubwa alichagua kufa kati ya marobota ya shuka, na kila Jumapili anamwombea msamaha.

Karibu mwezi ulipita, tukaitwa sote kati ya meza. Meneja alisimama karibu na foklifti. Ilikuwa imefungwa taa nyuma, taa ndogo tu, ukubwa wa kikombe, inayotupa doa la bluu sakafuni mbali na gari lenyewe. Aliiwasha akaturudishia gari nyuma tuone. Doa lilitangulia, likateleza juu ya sakafu ya kijivu, likapanda kwenye kiatu changu, na gari likafuata mbali nyuma yake. Mtu yeyote mwenye macho angesogea.

"Taa kama hii zipo siku nyingi," alisema meneja. "Lakini huwa zinafungwa mahali kuna mfanyakazi ambaye hasikii vizuri. Sisi hatukuwa na mtu kama huyo. Kama angekuwepo hata mmoja, tungeifunga siku ya kwanza."

Labda ni kweli. Labda wangempeleka nyumbani kama walivyotangaza. Nimelipima hilo pande zote, na pande zote linanirudia mimi. Kisha akasema kwamba mwenzetu, Mungu amlaze pema, alikuwa na masikio mazuri kuliko karibu sisi sote, na bado alipuuza. Akasema tusiwe watu wa kupuuza. Watu wakaitikia kwa vichwa. Dereva alikuwa akitazama viatu vyake.

Auntie alikuwa ng'ambo ya jumba, karibu na mlango wa mizigo, na kati yetu palikuwa na watu wengi waliokuja kazini baada ya mashine kuuzwa, wasioijua lugha yetu. Sijui kwa nini nilimtazama. Nilisema kwa midomo, polepole, kila neno hadi mwisho wake: Dada alikuwa hasikii. Mimi ndiye niliyempitisha. Siku ile nilikuwa natazama simu.

Meneja aliendelea kueleza habari ya betri ya taa. Auntie hakushtuka. Aliniangalia kwa muda kama alivyoniangalia zamani nikifunga uzi kwa fundo baya. Akainua kidevu chake kidogo kuelekea kwa meneja, na kuelekea kwa dereva, na midomo yake ikasema kwa herufi kubwa ambazo hata mtoto angezisoma:

"Sema kwa sauti."

Meneja alikuwa amemaliza habari ya betri. Ningenong'ona tu, jumba lote lingenisikia. Doa la bluu lilikuwa bado juu ya kiatu changu. Nilimtazama Auntie, naye hakuyaondoa macho yake, nami nikainua kiganja changu nikafunika mdomo.